Mfumo Umemkataa Bibi, Nani wa Kumjibu?

Miaka arobaini ya kushona makuti humaliza vidole. Mshike mkono bibi wa Kwale au Kilifi aliyelea watoto kwa kazi hiyo, utaona ncha za vidole zimesuguliwa zikawa laini, na ile mistari midogo ambayo mashine huitafuta imefutika zamani. Mpeleke sasa kwa wakala wa benki siku ya pesa za wazee, ile ruzuku ya serikali ya Kenya iitwayo Inua Jamii. Anaweka kidole gumba, mashine inakataa. Anakipangusa kwa ncha ya kanga, anaweka tena. Anajaribu cha shahada, anajaribu cha kati, anahamia mkono wa pili. Nyuma yake foleni inaanza kunung'unika. Mwisho anaambiwa kwa upole, "Bibi, mfumo umekataa. Rudi wiki ijayo." Anarudi nyumbani mikono mitupu, na nauli ya boda boda aliyoikopa ili afike hapo sasa ni deni.

Maneno hayo, "mfumo umekataa", ndiyo ninayotaka tuyachambue, maana yamekuwa jibu la kila dirisha na hayana mwenyewe. Mtu akikataa utamuuliza sababu. Mfumo ukikataa, unamuuliza nani? Msimamo wangu nauweka mapema ili msomaji aupime: makosa mengi yanayomzuia mzee asithibitishwe yaliandikwa na karani wa serikali miaka mingi iliyopita. Basi gharama ya kuyarekebisha ni ya serikali, na malipo yaendelee mpaka marekebisho yaishe. Leo mambo yako kinyume. Malipo husimama kwanza, halafu mzee ndiye anayefungua safari.

Nilizijua safari hizo nilipomsindikiza mzee mmoja wa ukoo wetu. Kitambulisho chake kiliandikwa Athman, akaunti ikaandikwa Athumani. Tulizunguka ofisi tatu siku moja kwa ajili ya herufi mbili. Kila tulipoingia aliamkiwa vizuri, shikamoo mzee, karibu kiti mzee, na kila tulipotoka tulikuwa tumeelekezwa kwingine. Ofisi ya kwanza ilisema kosa ni la benki. Benki ikasema yenyewe huandika kilichomo kwenye fomu. Fomu ilijazwa na nani? Hakuna aliyekumbuka. Mzee mwenyewe hakuijaza, kwa sababu herufi anazozijua ni za Kiarabu, alizofundishwa chuoni, yaani madrasa, akiwa mtoto. Na kwa herufi hizo jina lake lina maandishi mamoja tu. Athman, Athumani, Othman: ni neno lilelile, halijawahi kugawanyika mpaka lilipofika mezani kwa karani wa herufi za Kirumi.

Jambo hili si la mzee wetu peke yake. Pwani nzima imejaa majina ya namna hii. Fatuma ni Fatma, Swaleh ni Salehe, Mwanahamisi ni Mwanakhamis, na mwanamke mmoja anaweza kuwa na jina la baba kwenye kitambulisho, jina la mume kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, na jina la ukoo kwenye daftari la chifu. Majirani hawakosei hata siku moja kumjua ni nani. Lakini kompyuta hulinganisha herufi kwa herufi, na aliyeipangia kazi hakuiambia kwamba Fatuma na Fatma ni mtu mmoja. Hilo si jambo gumu kiufundi. Benki na kampuni za simu zina programu zinazokubali tofauti ndogo za tahajia na kuziweka kando ili binadamu azikague. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua kwamba tofauti ya "u" moja si sababu ya kumlaza mzee njaa.

Mpango wenyewe ni wa heshima, nami sitaki mtu asome makala haya akadhani naupinga. Inua Jamii hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee, kwa kaya zinazolea mayatima na kwa watu wenye ulemavu mkubwa. Mwaka 2018 ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi bila kwanza kuwapima umaskini wao. Kaskazini, kule Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ulitangulia mpango wa kukinga njaa ulioanza 2008. Na hakuna sadaka hapo. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema Serikali itampa msaada wa hifadhi ya jamii mtu asiyeweza kujikimu mwenyewe na wanaomtegemea. Mwenye haki hapaswi kuomba kama anayebembeleza.

Tatizo ni kwamba haki hiyo imefungwa kwa kufuli la kitambulisho, na kitambulisho cha mzee wa Kenya kina historia ndefu na chungu. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ililetwa na wakoloni mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wanaume wakaanza kuvishwa kipande, yaani hati ya utambulisho, shingoni ndani ya kikasha cha chuma, ili mwajiri na polisi wajue nani ametoroka kazi. Mwanamke hakuhesabiwa kabisa. Aliingizwa kwenye uandikishaji kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 1978, miaka 15 baada ya uhuru.

Fikiria maana yake. Mama aliyezaliwa 1950 alikuwa tayari na miaka 28 sheria ilipomtambua. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alifika mbele ya karani, akaulizwa umezaliwa lini, akajibu kama walivyojibu wenzake: nilikuwa msichana wa kuchota maji mwaka wa mafuriko, yale ya 1961. Karani akamtazama uso, akapiga hesabu, akaandika. Akikosea miaka minane kwenda mbele, mama huyo leo ni mzee wa miaka 70 na kitu kwa mifupa yake na kwa wajukuu wake, lakini rejista inasema hajafika. Vitambulisho vingine vya wazee vina mwaka tu, havina siku wala mwezi, nayo fomu ya kompyuta haikubali nafasi tupu. Kwa hiyo tunamwambia mama athibitishe kwa hati tarehe ambayo sisi wenyewe tuliikisia.

Wako ambao hata kukisiwa hawakukisiwa. Wamakonde walioletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale waliishi vizazi kadhaa bila utaifa, mpaka Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai kutambuliwa. Wapemba wa Kwale na Kilifi, wavuvi wa miaka mingi katika maji yetu, walisubiri hadi 2023. Kule Garissa na jirani zake kuna Wakenya ambao walipokuwa wadogo wakati wa ukame waliandikishwa kambini kama wakimbizi ili familia ipate chakula. Alama za vidole zikabaki kwenye rejista ya wakimbizi. Walipofikisha miaka 18 wakaenda kuchukua kitambulisho, mashine ikawatambua vizuri sana, ikawatambua kama wageni. Februari 2025 Rais alitia sahihi tamko huko Wajir la kuondoa ule msasa wa ziada wa waombaji kitambulisho uliowabana watu wa kaunti za mpakani. Ni hatua njema. Lakini mtu aliyepata kitambulisho akiwa na miaka 65 amekwisha kupoteza nusu karne ya kumbukumbu za kiserikali, na akienda kuomba ruzuku ya uzee rekodi yake huanzia juzi.

Tukitaka kuona njia hii inaelekea wapi, tutazame Afrika Kusini. Mei 2020, korona ilipofunga kazi, serikali ya huko ilianzisha ruzuku ya randi 350 kwa watu wazima wasio na kipato, na mwaka 2024 ikafika 370. Maombi ni ya simu na mtandao. Shirika la ruzuku, SASSA, huchukua namba ya kitambulisho yenye tarakimu 13 na kuilinganisha na rejista ya Mambo ya Ndani, bima ya wasio na ajira, mamlaka ya kodi, mfuko wa fedha za wanafunzi na akaunti za benki. Rejista moja ikisema hapana, mwombaji hupata jibu la maneno machache kwenye simu. Kama jina limekosewa herufi, au ameolewa na jina likabadilika upande mmoja tu, ni juu yake kubahatisha ni daftari lipi lililomkana.

Waswahili wenzetu wanalijua hili kwa karibu. Durban na Cape Town kuna Wakongo na Warundi wengi wanaoishi kwa hati za kuomba hifadhi. Juni 2020 mahakama iliamuru nao waruhusiwe kuomba ruzuku ile. Ila hati yao haina tarakimu 13. Ina namba ya faili ya herufi na tarakimu, na huisha muda wake ikataka kuhuishwa. Hati ikichelewa, uthibitisho unaanguka, hata kama mwenyewe ni yuleyule, mlango uleule, njaa ileile.

Mahakama za huko zimeanza kusema lile ninalolisema. Januari 2024 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba Wizara ya Mambo ya Ndani kufunga kitambulisho cha mtu kabla ya kumsikiliza ni kinyume cha katiba. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 23 Januari 2025, mahakama hiyohiyo ikasema kumlazimisha mwombaji wa ruzuku apite mtandaoni pekee ni kinyume cha katiba, na ikakataa pia utaratibu wa rufaa uliomzuia mtu kuleta ushahidi mpya. Serikali ilikata rufaa. Lakini hoja imekwisha kuwekwa mezani: msikilize kwanza, ndipo umfungie.

Najua jibu la maofisa, na ni jibu zito. Wizi upo. Wapo waliofariki ambao pesa zao huendelea kuchukuliwa, wapo watoto wanaojiita walezi wa wazee wasiowapelekea hata unga. Ukilegeza uthibitisho, wanasema, unawafungulia wezi ghala la umma. Sibezi hoja hiyo, kwa sababu shilingi inayoibwa hapo ni ya bibi yuleyule ninayemtetea.

Ila tuangalie wezi hupita wapi. Oktoba 2024, wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walichunguza ruzuku ile ya Afrika Kusini wakagundua kwamba wenzao wengi chuoni tayari walikuwa na maombi kwa majina yao, ambayo hawakuyatuma. Mwizi alikuwa na namba sahihi, jina sahihi, tarehe sahihi. Mfumo ulimkubali. Mwenye namba akija kuomba kwa haki yake, huambiwa ameshaomba. Hapo ndipo udhaifu wa kulinganisha karatasi kwa karatasi unapoonekana wazi. Mwizi hujifunza karatasi zako, huzijaza bila kosa. Mzee wa kweli ndiye mwenye kosa la tahajia, kidole kilichochakaa na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu. Ukaguzi wa namna hii humchuja mkweli kwa sababu maisha ya mkweli hayakunyooka kama fomu.

Uganda nayo ina somo lake. Ruzuku ya wazee huko ni shilingi za Uganda 25,000 kwa mwezi, na kwa maeneo mengi mzee lazima awe na miaka 80. Anadaiwa kitambulisho cha taifa, kile wanachokiita Ndaga Muntu, kilichotokana na uandikishaji mkuu wa 2014. Ripoti ya watetezi wa haki ya mwaka 2021 ilieleza jinsi wazee walivyokosa ruzuku na hata matibabu kwa sababu ya umri ulioandikwa vibaya, vidole visivyosomeka au kadi ambayo haikufika. Mtu wa miaka 80 hana muda wa kusubiri rufaa ya miaka mitatu. Wengine huzikwa faili likiwa bado liko wilayani.

Nini basi kifanyike? La kwanza nimekwisha kulisema, na ndilo zito kuliko yote: mtu aliyekwisha kulipwa asikatiwe malipo kwa kosa la uthibitisho kabla hajasikilizwa. Apewe muda, alipwe katika muda huo, na kazi ya kutafuta kosa ifanywe na ofisi. Mahakama ya Juu ya India, ilipoiruhusu Aadhaar, mfumo wa nchi hiyo wa kumtambua mtu kwa namba na alama za mwili, mwaka 2018, ilitia mkazo kwamba kushindwa kwa mashine kumtambua mtu kusimnyime stahili yake, na ithibitishwe kwa njia nyingine. India yenyewe haikulitimiza hilo kila kijiji, lakini kanuni ni sahihi.

La pili ni ushahidi wa binadamu. Tanzania, katika mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kaya hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kuingizwa. Watu hukaa chini ya mti, jina linasomwa, wanakijiji wanasema huyu tunamjua, huyu hali yake ni hii. Mikutano ina upendeleo wake, na mwenyekiti mwenye ndugu wengi tunamfahamu. Hata hivyo kuna ujuzi pale ambao hakuna rejista inayo: nani mjane, nani amefariki, nani anaitwa kwa majina mawili. Kenya tuna wazee wa mitaa, vikundi vya nyumba kumi, na kamati za walengwa wa Inua Jamii wenyewe. Mashine ikishindwa, mashahidi watatu wanaomjua mzee, wakiwa na majina na sahihi zao kwenye fomu, watoshe kumlipa siku hiyohiyo, na fomu zao zikaguliwe baadaye kwa kuchaguliwa chache chache. Anayedanganya ataonekana, kwa sababu sahihi yake iko pale. Kwenye kompyuta hakuna anayetia sahihi.

Kisha suala la pesa. Mwaka 2024 ada ya kutolewa kitambulisho kingine baada ya kupotea ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi 1,000. Hiyo ni nusu ya ruzuku ya mwezi mzima, kabla ya nauli, kabla ya picha. Kwa mzee aliye kwenye rejista ya ruzuku, ada hiyo ingefutwa kesho bila bajeti ya nchi kutikisika.

Wakati hayo hayajafanyika, anayesoma akiwa na mzee nyumbani asikae bure. Kusanya hati zake zote usiku mmoja, kitambulisho, kadi ya benki, laini ya simu, barua ya chifu, uzisome herufi kwa herufi kwa sauti. Tafuta kosa lilipo kabla ya kwenda popote. Kama kitambulisho ni sahihi, usikiguse, rekebisha benki. Kama kosa liko kwenye kitambulisho, anza hapo, kwa sababu ofisi nyingine zote huchota kutoka kisima hicho, na ukirekebisha benki kwanza utarudi kuirekebisha mara ya pili. Laini ya simu ya bibi iwe kwa jina la bibi. Nimeona familia nyingi zikikwama hapo, mjukuu alimsajilia kwa nia njema, leo nambari inasoma kijana wa miaka 22. Na kwa vidole vilivyochakaa, omba vijaribiwe vyote kumi na kile kinachosomeka vizuri kiandikwe. Mlezi wa kumpokelea ateuliwe mapema, mzee akiwa bado ana nguvu ya kusema anamtaka nani.

Juu ya yote, usiondoke dirishani bila sababu iliyoandikwa. Ibara ya 47 ya Katiba inampa mtu haki ya kuelezwa kwa maandishi kwa nini uamuzi uliomuumiza ulichukuliwa. Ibara ya 35 inampa haki ya kurekebishiwa taarifa zisizo za kweli zinazomhusu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inarudia haki hiyohiyo. Makarani wengi hawajawahi kuombwa karatasi hiyo na raia. Iombe kwa adabu, taja ibara, subiri. Nimeshuhudia "mfumo umekataa" ikigeuka kuwa "ngoja nimwite mkubwa" kwa sababu tu mtu aliomba maandishi.

Mzee wetu herufi zake zilirekebishwa baada ya miezi minne, na mwezi wa tano pesa zikaingia. Ile minne iliyopita haikuonekana. Alipouliza, aliambiwa malimbikizo ni jambo jingine lenye ofisi nyingine. Hapa pia sheria iseme waziwazi: kosa likithibitika si la mlipwaji, kila mwezi uliokatwa urudi, bila ombi jipya. Nimemwandikia barua ya kuidai. Nilimsomea neno kwa neno, akanisahihisha mahali pawili, kisha akachukua kalamu na kutia sahihi kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi zile alizofundishwa chuoni. Tutaipeleka Jumatatu.